Likasi: Matembezi ya familia kando ya mto katika mji wa shaba

LIKASI – Kutembea kando ya mto ni starehe ya bei ndogo. Familia inahitaji viatu vya kufunga, kofia, maji ya kunywa na saa mbili za Jumapili baada ya misa au ibada. Lakini kwa wazazi wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, kuna jambo moja la kuongeza kabla ya kufunga mlango wa nyumba: kujua maji ya mto huo yamepita wapi kabla ya kufika mbele ya watoto.

Swali hilo si la wataalamu tu. Likasi iko umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, kwenye barabara ya taifa namba 1, katika nchi ya vilima na mabonde yenye mito mingi. Ni mji wa mwinuko, wenye baridi ya asubuhi mwezi wa Juni na Julai, na wenye jua lisilochoma sana ikilinganishwa na miji ya bondeni. Hali ya hewa inafaa kabisa kwa matembezi. Shida ni kwamba mji huohuo umeishi kwa shaba na kobalti kwa zaidi ya miaka mia, na viwanda vya madini haviwezi kufanya kazi bila maji. Vilijengwa karibu na mito, na mito ndiyo iliyopokea mabaki yao.

Mji wa madini, mji wa mito

Komuni nne zinaunda mji: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Majina mawili kati ya hayo yanaeleza historia yote. Panda ni jina la komuni, na pia ni jina la mto. Shituru ni jina la komuni, na pia ni jina la kiwanda ambacho kila mtoto wa mji anakijua.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ndiyo iliyoufanya mji huu, ambao enzi ya ukoloni uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Baada ya uhuru, jina la Likasi lilirudi, na mali za kampuni zikawa za serikali chini ya shirika linaloitwa leo Gécamines. Hata wataalamu wa mawe duniani wanaujua mji huu: mwaka 1955 madini moja adimu ya rangi ya buluu, iliyopatikana katika mgodi wa hapa, ilipewa jina la likasite.

Huko Shituru, mawe yenye shaba husagwa, kisha huoshwa kwa asidi ya salfa ili shaba itoke na kuyeyuka ndani ya maji. Umeme unapopitishwa, shaba hujikusanya na kuwa bamba safi. Ni ufundi wa zamani na wenye faida. Lakini kinachobaki, yaani matope ya madini na maji yenye asidi, lazima kiende mahali fulani. Kwa miongo mingi, mahali hapo palikuwa bondeni, upande wa mto Panda, na kutoka huko kuelekea bonde la Lufira.

Ndiyo maana mzazi anayetafuta njia nzuri ya kutembea na watoto hawezi kuangalia tu kama njia ni tambarare, kama kuna kivuli au kama kuna mahali pa kukaa. Anapaswa pia kujua kama yuko juu ya kiwanda au chini ya kiwanda. Mto mmoja unaweza kuwa rafiki upande wa juu na kuwa hatari kilomita chache upande wa chini.

Macho hayatoshi

Watu wengi huhukumu maji kwa macho. Maji ya matope yanaogopwa, maji maangavu yanaaminiwa. Katika nchi ya shaba, kanuni hiyo haifanyi kazi. Metali iliyoyeyuka haionekani. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakabeba shaba na kobalti. Kinyume chake, maji ya rangi ya udongo wakati wa mvua yanaweza kuwa yamebeba udongo wa mashamba tu, ingawa hayo nayo huwa na vijidudu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kuchemsha kunatibu kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na kila familia inafaa iendelee kufanya hivyo. Wakaaji wa Likasi hawajasahau kipindupindu cha mwanzoni mwa mwaka 2008. Lakini moto hauondoi metali. Maji yakipungua kwenye sufuria kwa kuchemka, metali hubaki palepale, ndani ya maji machache zaidi. Klorini pia haiondoi metali.

Metali haziozi kama jani au ganda la ndizi. Zinashuka chini, zinalala ndani ya matope ya ukingo, na zinaweza kukaa humo miaka mingi hata kama kiwanda kimepunguza kazi. Mvua kubwa inapokuja, matope yale yanatibuliwa na kusafiri tena. Wakati wa kiangazi, yanakauka, yanakuwa vumbi, na upepo unayabeba hadi kwenye nyua za watu.

Watoto ndio walio karibu zaidi na hatari hiyo, kwa sababu rahisi: mtoto hucheza chini. Anashika udongo, anatia vidole mdomoni, anakula tunda bila kunawa. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kiasi kidogo kwa mtu mzima ni kikubwa kwake.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya watu 351 wa Katanga. Walipima metali ndani ya mkojo. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana kuliko watu wa maeneo yasiyo na migodi. Zaidi ya nusu yao walipita kiwango kinachotumika kuwalinda wafanyakazi wa viwandani. Watu hao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda wote. Wengi walikuwa wakaaji wa kawaida. Na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Watafiti walieleza kwamba hawakujua idadi ya watu wa kawaida popote duniani iliyowahi kupimwa na kukutwa na kobalti nyingi namna hiyo.

Kutembea si kunywa

Je, habari hizi zina maana kwamba familia za Likasi zibaki nyumbani? Hapana. Kukaa nyumbani hakumlindi mtoto ambaye ua wake una vumbi lilelile. Na mtoto asiyetembea hupoteza kitu kingine: Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kutumia mwili kila siku. Mtu mzima anashauriwa dakika 150 kwa juma. Kutembea ni njia ya kwanza ya kufikia hesabu hiyo, na haihitaji uwanja wala jezi.

Jambo la kuelewa ni kwamba hatari ya mto wa madini haimo katika kuuangalia, wala katika kutembea kwenye majani ya ukingo. Imo mdomoni, mikononi na ndani ya matope. Familia inayoelewa hilo inaweza kupanga matembezi yake kwa utulivu.

Kwanza, maji ya kunywa na ya kunawa yatoke nyumbani. Bidoni ya lita 5 inatosha kwa watoto watatu au wanne, pamoja na kipande cha sabuni. Kabla ya kula karanga, mihogo ya kuchemsha au vitumbula, kila mkono unaoshwa kwa maji hayo, si kwa maji ya mto.

Pili, viatu vibaki miguuni. Kwenye maji yaliyotulia, yenye majani mengi na konokono, kuna hatari ya kichocho, ugonjwa ambao mnyoo wake hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Watoto watapenda kuvua viatu. Mzazi anayetaka wacheze na maji ni afadhali awapelekee beseni.

Tatu, hakuna kuchuma mboga, bowa wala matunda karibu na mabaki ya kiwanda au kwenye ukingo unaopokea maji yake. Mimea mingi hunyonya metali kutoka kwenye udongo. Masuku ya msituni, mbali na viwanda, ni habari nyingine.

Nne, ukirudi nyumbani, viatu vinapigwa na kufutwa nje ya mlango, na nguo za watoto zinafuliwa. Vumbi lililoingia kitandani linaendelea kufanya kazi usiku.

Tano, mashimo ya zamani ya migodi si mahali pa matembezi, hata kama yana maji mazuri ya buluu. Kingo zake huporomoka bila taarifa. Zaidi ya yote Shinkolobwe, mgodi wa urani ulioko upande wa magharibi wa Likasi, ambao madini yake yalitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Serikali iliamuru ufungwe mwaka 2004, na mwaka huohuo wachimbaji walikufa humo kwa kufunikwa na udongo. Hapo hapana sababu ya kupeleka mtoto.

Kusoma ardhi pamoja na watoto

Matembezi mazuri si mwendo tu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kwenda mbali. Kilomita 2 au 3 zinamtosha, tena akisimama mara nyingi. Mwenda pole hajikwai. Kusimama kwenyewe ndiko kunakompa mtoto cha kukumbuka, na nchi ya Likasi ina mengi ya kumwonyesha.

Vilima vya shaba vinajulikana kwa macho. Pembeni ni msitu wa miombo, lakini ghafla miti inakatika na kubaki majani mafupi. Sababu ni udongo: shaba imezidi, na miti mingi haiwezi kuivumilia. Inayobaki ni mimea michache iliyozoea sumu hiyo. Mmoja wao ni mmea mdogo wa jamii ya mnanaa, ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Umekuwa ukiwasaidia watafuta madini kujua mahali penye shaba, na umewasaidia hata wachimbuaji wa mambo ya kale kugundua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wabelgiji kufika. Shaba hiyo ndiyo iliyotengenezwa misalaba midogo ya Katanga, iliyotumika kama fedha.

Kwa mzazi, mmea huo na ukosefu wa miti ni alama ya barabarani isiyogharimu chochote. Vikionekana ukingoni mwa mto, maana yake ni kwamba udongo una metali nyingi: hapa tunapita, hatukai kula. Mahali penye miti mikubwa, vyura, kaa na samaki wadogo wanaokimbia kivuli cha mtu, dalili ni nzuri zaidi, ingawa dalili si kipimo cha maabara.

Majira nayo yana somo lake. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi; njia ni kavu na watoto hawatelezi, lakini kuna moto wa msituni na vumbi. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu, na vilima vinakuwa kama vimevaa kanga. Novemba hadi Machi ni mvua. Mto uliokuwa unavukwa kwa mawe asubuhi unaweza kujaa mchana kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Wakati huo, kanuni ni kutembea asubuhi, kubaki juu ya ukingo na kurudi mawingu yanapokusanyika.

Lufira, mto wa siku nzima

Kwa familia yenye uwezo wa kulipa nauli, mto mkubwa wa eneo hili ni Lufira. Unaanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, unakatiza barabara kati ya Lubumbashi na Likasi, kisha unamwagika katika ziwa Tshangalele. Upande wa Kapolowe ndiko samaki wengi wanaoliwa Likasi na Lubumbashi wanakotoka. Hapo watoto wa mjini wanaweza kuona mitumbwi, nyavu zikitengenezwa, tilapia na kambale wakitandazwa, korongo wakisimama kwa mguu mmoja na mdiria akidumbukia majini kama jiwe.

Ziwa lenyewe halikuumbwa na Mungu peke yake. Lilizaliwa baada ya mto kuzibwa huko Mwadingusha, ambako umeme ulianza kutolewa mwaka 1930 kwa ajili ya migodi. Maporomoko ya hapo yaliitwa Cornet, jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe wa Ubelgiji aliyepita Katanga na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893. Mitambo ya Mwadingusha ilikarabatiwa miaka ya karibuni na kurudi kazini mwaka 2021, ikiwa na uwezo wa megawati 78. Mwaka 1982 UNESCO iliiweka sehemu ya bonde la Lufira katika orodha ya hifadhi zake za viumbe na mazingira.

Daraja la Lufira nalo lina hadithi ya kuwasimulia vijana. Mwezi wa Septemba 1961, wakati Katanga ilipojitenga, wanajeshi 155 hivi wa Ireland waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville kuanzia tarehe 13 hadi 17. Msaada uliotoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulijaribu kuwafikia na kukwama darajani, kwa sababu jeshi la Katanga lilikuwa limeshika ng'ambo. Wanajeshi wale, chini ya kamanda Pat Quinlan, waliishiwa risasi na maji wakajisalimisha, wote wakiwa hai. Mto ambao leo unapitwa kwa dakika moja ndani ya basi ndio ulioamua vita.

Hata Lufira inahitaji akili. Kabla ya kusogea majini, wavuvi waulizwe kuhusu mamba na kuhusu sehemu zenye kina. Wao wanajua zaidi kuliko ramani yoyote. Na ziwa Tshangalele linapokea pia maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vya samaki wa ziwa hilo na kuonya juu ya metali zilizomo ndani yao kwa watu wanaowala kila mara. Familia inayonunua samaki mara moja kwa matembezi haina sababu ya kuwa na hofu. Mvuvi ambaye watoto wake wanakula samaki hao na bukari kila siku ndiye anayestahili jibu kutoka kwa wenye viwanda na kutoka kwa serikali.

Maji hayana mpaka

Kinachoingia Panda hakiishii Panda. Lufira inaungana na Lualaba katika mabwawa ya Upemba. Kutoka hapo maji yanapita Kongolo, Kasongo na Kindu, yanafika Kisangani, na mwisho yanaingia baharini upande wa Moanda. Safari ni ndefu na sumu hupungua kadiri maji mengine yanavyoongezeka, lakini mto ni mmoja. Mwanafunzi wa Kikula anayetupa kijiti majini ametuma barua kwa nusu ya nchi.

Majirani wa Zambia walikumbushwa jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la mabaki ya kiwanda cha shaba cha Sino-Metals huko Chambishi ulipasuka. Maji ya asidi yaliingia katika kijito na kufika mto Kafue. Samaki walikufa na mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya bomba.  Wakulima na wavuvi wa ukingoni ndio wanaouona mto kila siku.

Hapo ndipo matembezi ya familia yanapopata maana kubwa kuliko starehe. Mto usio na mgeni hauna shahidi. Ukibadilika rangi usiku, asubuhi hakuna wa kusema jana ulikuwaje. Familia, shule, kwaya au kikundi cha vijana kinachorudi mahali palepale kila mwezi kinaweza kujua kama maji yana harufu mpya, kama povu limeongezeka, kama vyura wamenyamaza. Daftari la mwanafunzi lenye tarehe, na picha ya simu, si ushahidi wa maabara, lakini vinatosha kumwomba mkaguzi aje kupima.

Sheria iko upande wao. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na papo hapo kinampa wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ni ya Julai 2011, na ile ya maji ni ya Desemba 2015. Na sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kutia sahihi pamoja nazo mkataba unaoitwa cahier des charges, unaotaja kazi zitakazofanywa.

Mara nyingi watu wakikutana kujadili pesa hizo hutaja shule, zahanati na visima, na ni haki yao. Njia ya miguu kando ya maji safi inaweza kuonekana kama anasa. Lakini gharama yake ni ndogo: kufyeka, kupanda miti ya kivuli, kuweka mawe kwenye sehemu za matope, vibao vinavyosema wapi mtoto anaweza kucheza na wapi hapana, na kipimo cha maji mara mbili kwa mwaka, matokeo yakibandikwa mahali watu wanaposoma. Kibao kama hicho ni kazi ya afya sawa na chanjo.

Mfano upo karibu. Jijini Nairobi, msitu wa Karura ulikaribia kugawanywa kwa wajenzi, na Wangari Maathai, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipigwa Januari 1999 akiutetea. Hata baada ya kuokolewa, watu wengi waliogopa kuingia kwa sababu ya wezi. Wakaaji waliungana na idara ya misitu, wakazungushia uzio, wakaweka walinzi kutoka vijiji vya jirani na kufungua njia. Leo familia zinalipa kiingilio, zinatembea kando ya mto Karura hadi kwenye maporomoko, na watoto wanakwenda kwa baiskeli. Msitu umehifadhiwa kwa sababu watu wengi wanaupenda, na wanaupenda kwa sababu wameutembea.

Likasi haina lazima ya kungoja uzio. Shule inaweza kuanza na kipande kimoja cha ukingo kilicho juu ya viwanda, urefu wa kilomita moja tu, kilichochaguliwa na wazazi wanaokijua. Chifu wa mtaa anajulishwa, wenye mashamba wanaombwa ruhusa ya kupita, na wazee wanaulizwa mto uliitwaje na ulikuwa na samaki gani zamani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, watoto wanatembea hapo na bidoni yao ya maji, wanaandika walichoona, na kurudi kabla ya jua kuzama. Kazi ya kwanza ya daftari hilo ni mstari mmoja: tarehe, rangi ya maji, na samaki wangapi wameonekana.